Dau la futi 18 au mashua ya futi 30: tulivyochagua chombo cha mtumba Kilwa

Mimi na shemeji yangu tuliweka pamoja shilingi milioni 9, mimi 5 yeye 4, tununue chombo cha tanga cha mtumba tufanye biashara ya kuchukua pweza na samaki kutoka dago, yaani kambi za wavuvi, za huko Songosongo na visiwa vya jirani tulete Kilwa Kivinje. Chombo kipya hatukukifikiria kabisa, manake fundi akianza na mbao mbichi leo unaweza kumaliza mwaka unampelekea hela tu na chombo bado kiko kwenye gadi (miti ya kukiegemeza). Tukatafuta cha mtumba. Vikabaki viwili mezani, dau la mataruma (mbavu za mbao za ndani) la futi 18 lililokuwa hapo hapo Kivinje, mwenyewe anataka milioni 2 na nusu, na mashua ya futi 30 iliyokuwa Somanga, wanataka milioni 9 na nusu lakini dalali anakunong'oneza kwamba 8 wanachukua.

Shemeji moyo wake ulikuwa kwenye mashua toka siku ya kwanza. Hesabu yake ilikuwa rahisi, futi 30 na futi 18 tofauti ni futi 12 tu, kwa hiyo ni chombo kimoja na nusu na kidogo, ila kinabeba mzigo mara tatu nne, sasa kwa nini tuhangaike na kidau. Na kwenye mzigo alikuwa sahihi kabisa. Chombo kikirefuka kinapanuka pia na kinaenda chini pia, kwa hiyo futi 30 kwa umbo lile lile inakuwa karibu mara nne na nusu ya futi 18 kwa ujazo, na tanga lake karibu mara tatu kwa eneo. Shida ni kwamba hesabu hiyo hiyo inakuja na upande wa pili. Mbao mara nne, misumari, pamba ya kalafati (ya kuziba mishono ya mbao), mafuta, watu wa kukisukuma, vyote vinapanda hivyo hivyo, na hivi huvilipi mara moja ukasahau, unavilipa kila mwaka.

Tulimtafuta fundi wetu wenyewe. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu kila muuzaji anakuja na fundi wake, na fundi aliyekitengeneza chombo hawezi kukwambia kimeoza. Tulimchukua mzee mmoja wa Kivinje ambaye hana udugu na upande wowote, tukamlipa elfu 50 kwa kila chombo pamoja na nauli na chakula. Shemeji alinung'unika kidogo, elfu 50 ya kuangalia tu? Baadaye hakunung'unika tena.

Tukaanza na Somanga. Tulifika maji yamekupwa, mashua imekaa mchangani imeegemea gadi, imepakwa rangi mpya bluu na nyeupe, inang'aa hadi unaipenda. Mzee hakuiangalia rangi. Alitoa kisu kidogo akainama chini kabisa kwenye yale mabao ya kwanza yanayoshikana na mkuku (uti wa mgongo wa chombo), akaanza kuchoma na ncha taratibu, kila baada ya shibiri moja, huku anapiga piga na mpini wa kisu anasikiliza. Mbao nzima ina mlio mkavu, iliyooza inanyamaza. Ubavu wa kulia ulikuwa sawa. Ubavu wa kushoto karibu na tezi, yaani nyuma, kisu kiliingia kama nusu kidole, akanitazama tu bila kusema kitu, akaendelea. Afu akaingia ndani, akainua mbao za kukanyagia, akawa anatafuta yale madoa meusi yanayozunguka kichwa cha msumari kwenye taruma. Yale madoa ni kutu ya chuma inakula mbao, na mbao inakula chuma, vinamalizana pole pole huku nje rangi inawaka.

Kisha akaomba ruhusa ang'oe msumari mmoja, mmoja tu, chini ya mstari wa maji. Hapa muuzaji akabadilika sura. Ooh mzee utanivunjia chombo, ooh chombo hiki kimetoka Mafia juzi na mzigo wa nazi, hakinywi maji hata kikombe. Mzee akamwambia kwa upole, mwanangu, nikishang'oa nitaurudisha mpya na pamba juu, kwa hela yangu. Wakavutana pale wee mpaka akakubali. Msumari ulipotoka kichwa kilikuwa kizima, kinene, ncha nayo nzima, lakini katikati, pale bao linapokutana na taruma, umebaki mwembamba kama sindano ya kushonea magunia. Mzee akauweka kwenye kiganja cha shemeji. Akasema, "Yote iliyobaki iko hivi, au imeshakatika."

Yaani mbao zenyewe kwa sehemu kubwa zilikuwa nzuri, mvule wa zamani ambao siku hizi hata kuupata ni kazi, ila kilichokuwa kinaishikilia ile mashua ilikuwa mazoea tu. Mzee akakadiria kupigilia misumari mipya chombo kizima, iliyopakwa zinki, pamoja na kubadilisha bao moja na nusu na kalafati upya, si chini ya milioni 3 na laki 5. Kwa hiyo mashua ya milioni 8 ni mashua ya milioni 11 na nusu, na sisi tuna 9.

Kuna kitu kingine tulikipata Somanga kwa bahati tu. Tulipokuwa tunakunywa chai jirani mmoja akauliza, kwani yule kaka yake wa Mtwara ameshakubali? Kumbe chombo ni cha mirathi, baba yao alifariki, watoto watatu, anayeuza ni mmoja. Tukapiga simu kwa huyo wa Mtwara, akasema yeye anajua kinakodishwa, hana habari ya kuuzwa! Sasa fikiria umelipa milioni 8, umepiga misumari ya milioni 3, afu anatokea mtu na karatasi ya mahakama anadai theluthi. Vyombo vingi vya mtumba ukanda wetu ni vya mirathi au vya ubia wa ndugu, kwa hiyo uliza kwa majirani kabla hujauliza kwa mwenyewe, na warithi wote wasaini mbele ya mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Huyu muuzaji baadaye aliwaleta ndugu zake wote wakakubaliana, sitaki kumsema vibaya, lakini tungenyamaza asingetuambia.

Dau la Kivinje lilikuwa na hadithi tofauti. Mwenyewe mzee mtu mzima, ameacha bahari kwa ajili ya miguu, chombo kilikuwa juu ufukweni tangu upepo wa kaskazi unaanza, kimepigwa jua miezi. Rangi imebabuka, mtu wa kawaida akiliangalia anaondoka. Kisu cha fundi hakikuingia popote isipokuwa bao moja karibu na omo, yaani mbele. Msumari ulitoka na kutu ya juu tu, mwenyewe akasema alibadilisha misumari yote miaka mitatu nyuma na kweli akatuonyesha mabaki ya ile ya zamani kwenye kopo.

Ila tulipolishusha majini likanywa maji mpaka nikaogopa. Maji yanaingia kwenye kila mshono, tunafua na ndoo mbili hatupumziki. Shemeji akaniangalia kwa jicho la nilikwambia. Fundi akacheka, akasema mbao iliyokaushwa na jua lazima ifunguke, iacheni ivimbe, msihukumu chombo siku kinaposhuka. Tukalifunga pale pale kwenye maji kidogo, tukaliacha mpaka kesho yake. Asubuhi tulifua ndoo chache tu, na siku iliyofuata chini ya hapo. Kwa hiyo ukienda kukagua chombo kilichokaa juu muda mrefu omba kikae majini angalau usiku mzima, na muuzaji akikataa jiulize kwa nini. Na kinyume chake pia ni kweli, chombo kilichopakwa rangi na deheni mpya (mafuta na chokaa ya kupaka chini) wiki ya kuuzwa kinaweza kuelea vizuri siku ya kwanza na kukuaibisha mwezi wa pili.

Matanga nayo. Tanga la mashua lilikuwa limekunjwa vizuri, tukalikunjua tukalishika kuelekea jua, matundu madogo madogo kama ungo. Unachukua kitambaa kwa vidole gumba viwili unavuta kwa nguvu, kikichanika kwa mkono upepo wa kusi utalichana mchana mmoja. Tanga jipya la futi 30 tuliambiwa milioni 1 na laki 2. La dau nalo lilikuwa limekufa, lakini jipya lilitugharimu laki 4 na elfu 20. Foromali ya mashua (mti unaobeba tanga) ilikuwa ya miti miwili iliyoungwa kwa kamba katikati, nzito, watu wanne wanaipandisha kwa henza (kamba ya kuivutia juu) huku wanaimba. Foromali ya dau naipandisha mimi na kijana mmoja, hatuimbi.

Hapo kwenye watu ndipo nilipoanza kumuelewa vizuri yule mzee alivyokuwa anatuuliza maswali. Hakutuuliza tuna hela ngapi. Alituuliza mtabeba nini, kutoka wapi, mwezi gani, na nani. Mashua ya futi 30 bila mashine inataka nahodha na mabaharia wanne, manake ukitaka kugeuza tanga kwenye upepo lazima foromali izungushwe mbele ya mlingoti na huku mtu yuko kwenye usukani na mwingine anashika kamba ya demani (ya kuongoza tanga), ukiwa na watu wawili haiwezekani, au inawezekana siku ya bahari shwari tu. Nahodha mzuri hakai kukungoja. Anataka fungu lake kila safari, na kama hakuna safari ataenda kwa mwingine. Na sisi mzigo wetu ni pweza, na pweza wanachokolewa bamvua, siku ambazo maji yanajaa na kukupwa sana, maji yakikupwa miamba ikiwa wazi. Maji mafu, yasiyojaa wala kukupwa sana, yakiingia hakuna pweza wa maana, ni samaki kidogo tu. Kwa hiyo karibu nusu ya mwezi ile mashua ingekaa na watu watano wanakula.

Halafu Kivinje yenyewe. Aliyefika anajua, maji yakikupwa bahari inaenda mbali kabisa unabaki na tope na mikoko. Dau likiwa na mzigo linaelea kwenye maji ya kiuno, unashuka unalisukuma. Mashua ikiwa na mzigo inataka zaidi, ukichelewa nusu saa umepwelewa nje huko na pweza wako juani unasubiri maji ya kujaa. Barafu nayo inayeyuka. Tulikuwa tunatumia friza bovu kama sanduku la barafu, kama wengi wanavyofanya, linasaidia lakini lina mwisho wake.

Na kuna hili la kupandisha chombo kwa matengenezo ambalo watu wa bara hawalijui kabisa. Mashua nzito unaipandisha juu ufukweni wakati wa bamvua, maji yakijaa sana. Ukishaipandisha, maji yakianza kuwa mafu hayafiki tena pale ilipo, mpaka bamvua nyingine, kama wiki mbili hivi. Kwa hiyo hata kama kazi ni ya siku mbili, chombo kinakaa wiki mbili, na fundi akichelewa siku moja ukakosa ile bamvua, unakaa mbili nyingine. Dau la futi 18 unaita vijana wanane, magogo chini, mnalivuta siku yoyote, elfu 20 ya soda na maandazi.

Basi tukanunua dau. Tulishuka naye mpaka milioni 2 na laki 1. Bao moja la omo laki 1 na nusu, kalafati pamoja na pamba na sifa (mafuta ya papa) laki 1 na elfu 80, tanga nilishataja. Nanga na kamba laki 1 na elfu 60, na hii inaniuma mpaka leo, manake siku tunakagua nanga ilikuwepo, siku tunachukua chombo haipo, mwenyewe anasema nanga ni ya mwanae. Alivyokuwa mzee wa watu tukanyamaza. Kwenye hati ya mauziano andikeni kila kitu, tanga, foromali, usukani, nanga, makafi, upondo, kamba, hata ndoo. Fundi, nauli, hati na mambo ya leseni ya halmashauri vilikula kama laki 1 na elfu 40. Jumla tukafika milioni 3 na elfu 150 chombo kikiwa kinafanya kazi. Jaketi okozi tulinunua nje ya hiyo hesabu, usifanye mzaha nazo. Karatasi za usalama wa chombo kwa bara ni TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), kwa Zanzibar ni ZMA (mamlaka ya bahari ya huko), ukinunua chombo kutoka upande mmoja ukakipeleka mwingine uliza mapema kabla hujalipa.

Sasa nisije nikaonekana nasifia dau tu. Kaskazi inapovuma Songosongo iko juu ya upepo ukitoka Kivinje, kwa hiyo unakwenda kwa kubisha, yaani zigizaga dhidi ya upepo, ukiwa mtupu na unarudi na mzigo upepo uko nyuma, raha mustarehe. Kusi ikiingia inageuka. Unakwenda umesinzia, unarudi na mzigo upepo usoni, na mwezi wa 7 na wa 8 ile bahari katikati inakuwa na mawimbi mafupi mafupi yanayogongana, dau la futi 18 likiwa na pweza kilo mia mbili na barafu linazama omo kila wimbi. Kuna siku tulifika usiku wote tumelowa mpaka kwenye mifuko, kijana wangu anafua maji toka adhuhuri, pweza nusu bei kwa sababu barafu ilikwisha njiani. Baada ya hapo nikasema upepo ukiwa mkali hatutoki. Na mwezi wa 7 na wa 8 upepo ni mkali siku nyingi. Kwa hiyo ile miezi karibu hatukuingiza kitu, tunawaona wenye mashua wanapita na matanga yao makubwa wanakwenda na kurudi.

Na jambo la mashine. Mashua ina tezi bapa, ukipata hela unafunga mashine ya kupachika, nguvu ya farasi 15 na shughuli imekwisha, kusi haikuhusu sana. Dau letu limechongoka pande zote mbili, mashine haikai mpaka utengeneze mbao ya pembeni, na hata ukitengeneza wimbi likiliinua panga linabaki hewani linalia tu. Hili fundi alilisema siku ya kwanza, sisi tukalichukulia kama neno la pembeni kwa sababu mashine hatukuwa na hela yake. Ukiwa na mpango wa mashine hata miaka miwili mbele, angalia umbo la tezi leo.

Ile mashua ya Somanga ilinunuliwa na jamaa mmoja kwa milioni 6 na nusu. Alijua habari ya misumari, kwa hiyo akaivua karibu yote, akaipigilia upya, ikakaa kwenye gadi miezi. Shemeji alikwenda kuitazama, akarudi kimya. Ikitoka sasa inabeba nazi na saruji na inafanya kazi nzuri tu, hakuna anayekumbuka ule msumari. Shemeji anasema na sisi tungeweza. Mimi namwambia tungeweza kama tungekuwa na milioni 6 nyingine ya kukaa nayo mfukoni wakati chombo hakijaingiza hata shilingi, na mizigo ya nazi na saruji ambayo haiozi, sisi tuna pweza. Mabishano haya tunayo kila tukikaa barazani, dada yangu ameshatuzoea.

Tulipofika ni hapa, milioni 5 na kitu iliyobaki hatukuigusa sana, imekuwa ndio mtaji wa kununulia mzigo kwa wavuvi kwa hela taslimu, na kusema kweli hiyo ndiyo iliyotupa wateja, kwa sababu mvuvi wa dago anamuuzia anayelipa papo hapo, ukubwa wa chombo chako haumhusu. Pweza wa chini ya gramu 500 hatuchukui, sheria hairuhusu na mkaguzi akikukuta nao faida ya mwezi inakwenda.

Kwa sasa tunatafuta chombo cha pili, mashua ndogo ya futi 22 au 24, tezi bapa, watu watatu waweze kuiendesha, ielee kwenye tope la Kivinje na ihimili kusi ya kawaida. Dau tutabaki nalo kwa kaskazi. Tumeshaonyeshwa moja huko Kilwa Masoko, wanataka milioni 5 na nusu, warithi wawili na wote wapo hapo hapo. Fundi tumemwambia ajiandae, ila tunasubiri bamvua ifike ishushwe majini kwanza, na safari hii nanga nitaipiga picha.